Gari Letu Bado ni la Kijivu, Papa Carine

Papa Carine,

Usicheke kwanza. Najua mimi si mtu wa kuandika. Hata vitu vya sokoni nilikuwa nakutajia kwa mdomo, na wewe unasahau nusu yake njiani, kisha unaniletea kabichi ambayo sikuitaja. Nakuandikia kwa Kiswahili cha kanisani kama masista walivyotufundisha, maana kile chetu cha nyumbani sijawahi kukiona kwenye karatasi. Nikichanganya, nisamehe.

Leo ni Jumamosi mchana na roho yangu iko juu. Nikimwambia mtoto wetu Carine ataogopa kuliko mimi. Nikiwaambia majirani, jua halijazama mtaa wote wa Panda umeshajua. Basi nakuambia wewe, ambaye huwezi kwenda kulisema popote.

Kesho ndugu zako wanakuja kutoa kilio. Asubuhi ni misa yako, halafu nitavua hizi nguo nyeusi, watu watakula, halafu wakubwa watakaa barazani waseme nani anachukua nini katika vile ulivyoacha. Yaya Donatien anatoka Kambove, yeye ndiye kaka yako mkubwa na neno lake ndilo la mwisho. Mdogo wako Justin anakuja naye. Padri alinieleza kwamba sheria ya mjane ipo, tena iko wazi. Nilimshukuru. Lakini sheria haitakuja kukaa barazani pamoja nao, na mimi ndiye nitakayekuwa nimekaa mkekani.

Nyumba ni ya kupanga, haina wa kuigombania. Kabati walichukue, televisheni waichukue, Carine hata haiangalii tena. Ninachoogopa ni gari. Tangu msiba, Justin amempigia Carine simu mara nyingi kuuliza kama linawaka, kama magurudumu ni mazima. Anataka kulipeleka Kambove libebe mifuko ya mawe ya shaba. Unajua barabara za kule machimboni. Gari lile limemzidi Carine umri, litamaliza msimu mmoja chini ya mawe halafu litatupwa. Na mimi nitabaki na viti vyangu vya plastiki na masufuria makubwa ya kukodisha, bila njia ya kuvifikisha kwa watu. Mtu mwenye msiba hangoji viti vije juu ya baiskeli. Anakwenda kwa mwingine mwenye gari, na akienda leo harudi tena. Hiyo ndiyo kazi iliyobaki ya kutulisha. Nyingine, ya kupaka magari rangi, uliondoka nayo.

Sasa sikia nilichofanya.

Gari uliliacha uchi, bila rangi. Sikulaumu, nasema tu lilivyokuwa. Kiangazi kile ulisimama uwanjani na chai yako, ukalitazama, ukasema safari hii ni zamu yetu. Watu walikuwa wanakutania hadi kanisani: magari ya wengine yanatoka kwako yanang'aa, lako linaonekana limechimbuliwa. Mganga hajigangi, walikuwa wanasema, na wewe unacheka. Ukaanza kulikwangua. Kapo yote ya juu ya injini, mlango wa kushoto, sanduku la nyuma, mpaka bati jeupe. Halafu kikohozi kikakulaza. Ukasema tulifunike na turubai, utamalizia ukipata nguvu. Basi.

Baada ya maziko sikuligusa. Ndivyo inavyotakiwa, vitu vya marehemu haviguswi mpaka kilio kitolewe, na mama zako walikuwa hapa wananiangalia hata ninavyokoroga bukari jikoni. Lakini siku moja niliinua turubai nitafute beseni, nikaona bati limetoka jasho chini yake, na juu ya kapo kuna madoa ya rangi ya chai. Kutu haina kilio, Papa Carine. Haijui nani amekufa na wageni wanakuja lini.

Nikawaza usiku na mchana. Nikiliacha, mvua zikianza litatoboka. Nikilipaka rangi, watu watasema mjane huyu ana haraka, bwana wake hajapoa anarembesha gari. Na zaidi ya watu, kuna Justin. Gari likishapakwa rangi, likang'aa, nani ataniachia? Likiwa zuri linaondoka. Likiwa baya linabaki. Lakini likiwa baya kweli, mvua italila, na kitakachobaki hakitanibebea hata kiti kimoja.

Ndipo nikakumbuka neno lako, ulilokuwa unawaambia wateja wanaotaka gari Jumamosi wakati umelishika Ijumaa: apprêt si rangi. Ile rangi ya chini, ya kijivu, haimvutii mtu yeyote. Gari lenye apprêt linaonekana ni gari la mtu aliyeishiwa. Nikasema, sawa, mimi nimevaa nyeusi, lenyewe livae kijivu, tungoje wote wawili.

Sasa ni apprêt gani? Hapo ndipo nilipokosa usingizi.

Nilikwenda mjini kwa Mama Véro, yule anayeuza rangi, uliyekuwa ukimwita shemeji ili akupunguzie bei. Akaniwekea makopo juu ya meza. Antirouille nyekundu ya kuzuia kutu, ile ya mageti. Apprêt ya kawaida, ya kijivu, inayokauka upesi. Na ile ya epoksi, makopo mawili yanayochanganywa, yenye bei ya kutoa jasho. Mama Véro akaniambia, "Twala ile ya kawaida, mama, bote banatwalaka ile." Na kweli karibu niitwae. Nilikuwa nimeshaishika.

Nikakumbuka kidole. Unakumbuka? Tulikuwa tumeoana karibuni, na mimi bado nilikuwa nadhani kazi yako ni kupuliza tu. Kulikuwa na teksi ya mtu uwanjani, imepakwa apprêt ya kawaida. Ulinishika mkono, ukalowesha kidole changu kwa maji, ukakibandika juu ya mlango. Pale kidole kilipogusa pakawa peusi. Ukaniambia, "Unaona? Iko nakunywa. Kintu chenye kunywaka maji, haukiachake inje." Halafu ukanipeleka kwenye gari jingine, la epoksi, ukafanya vilevile, na tone likakaa juu limejikusanya, halikuingia. "Hii haina kiu," ukasema. Mimi nilikuwa nafikiri unatafuta tu sababu ya kunishika mkono. Labda vyote viwili.

Basi nikarudisha kopo la kawaida. Mama Véro alinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa na msiba. Niliuza cherehani yangu, usinikaripie, nikachukua epoksi.

Ile ilikuwa hofu ya kwanza tu. Ya pili ni paa. Paa na ubavu wa kulia hukuwahi kukwangua, bado kuna rangi za zamani, moja juu ya nyingine, na hakuna anayejua za namna gani. Nilifanya ulivyokuwa unafanya: kitambaa chenye diluant ya kuyeyushia rangi, nikasugua kidogo. Kitambaa kikatoka na rangi. Nikajua rangi ile ni laini, na ukiwekea kitu kikali juu yake itajikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Niliona ikikutokea kwenye lile gari la mwalimu, ukakaa chini bila kusema neno, ukakataa hata chakula. Mimi nikitokewa na vile nani atanirekebishia?

Nikajaribu mahali pa siri, nyuma ya gurudumu la akiba, ambako rangi hiyo bado ipo. Upande mmoja nilipaka mabaki ya apprêt ya kawaida uliyoacha kwenye rafu, upande mwingine epoksi, halafu nikaenda kupika maharagwe nisisimame pale kama mlinzi. Niliporudi, ya kawaida ilikuwa imekunjamana. Epoksi ilikuwa imetulia. Nilikaa juu ya ndoo yako nikamshukuru Mungu. Halafu hofu ikarudi, nikasema labda ni bahati, nikajaribu tena mahali pengine. Ikatulia tena. Ungekuwapo ungesema, "Mama Carine, weye hata Mungu akikujibia utamwambia arudilie."

Tulikwangua kutu yote, Carine na mimi. Unajua mikono yangu ndiyo iliyokuwa inapiga msasa wa maji kwenye magari yako, wewe ulikuwa unasema kiganja changu kinasikia kuliko chako. Kazi hiyo haikunisumbua. Kilichonisumbua ni mafuta. Nyumba hii inakaanga vitumbua kila asubuhi, na mkono wenye mafuta ukigusa bati, rangi inafungua macho pale, vijishimo vya duara, huvifuti tena. Nilimkataza Carine asipike hata yai. Tulikula mihogo ya kuchemsha mpaka akaniuliza kama kwaresima imerudi. Tukalifuta na vitambaa viwili kama ulivyotufundisha, kimoja kinaondoa uchafu, cha pili kinaukusanya kabla haujakaukia palepale.

Nikachanganya makopo yote mawili, nikangoja kidogo yazoeane, nikawasha kompresa. Niliomba Baba Yetu na pistoleti ya kupulizia rangi mkononi. Ulisema siku zote, ukianza kapo, maliza kapo. Nikaanza. Ilikuwa inashuka vizuri, Papa Carine, nyembamba, sawasawa, ungefurahi. Nusu ya kapo, umeme ukakatika.

Bwawa la umeme la Koni liko pale tu, maji ya Lufira yanazungusha mashine mchana na usiku, na sisi wa Likasi tunakaa na mishumaa. Nilisimama na pistoleti imekauka pumzi, nusu ya kapo kijivu, nusu jeupe, na epoksi iliyochanganywa haingoji mtu, inakuwa jiwe ndani ya kopo. Nilitaka kulia. Sikulia kwa sababu ya maski, ingejaa machozi. Nikamwambia Carine alete rulo ya sponji, ile uliyonunua kwa ajili ya ukuta wa chumbani. Nikamalizia kwa rulo. Kapo, mlango, sanduku, ubavu, paa, lote, kwa rulo, kama mtu anayepaka jiko. Ukitazama kwa karibu utaona vijipele. Nisamehe. Lakini limefunikwa, hakuna bati hata la upana wa kucha linaloona hewa.

Nimetaja maski. Ndiyo, nilinunua, yenye vichujio, siyo leso yenye maji uliyokuwa unajifunga puani ukisema inatosha. Daktari hakusema ni rangi iliyokula mapafu yako. Hakusema pia siyo rangi. Mimi najua nilichokuwa nasikia ukilala. Kwa hiyo hata rangi ya juu nimeshaamua: ile ya kisasa yenye durcisseur, dawa ya kuigandisha, ngumu, inayong'aa kama kioo, sitaiweka. Mama Véro anaisifu sana. Nitachukua ile ya kizamani, ya mafuta, inayokauka polepole na haing'ai sana. Najua ungeidharau. Lakini Carine anapumua uwanja huu huu, na mimi nimeshazika mtu mmoja.

Sasa hofu ya leo, iliyonifanya nichukue kalamu.

Yaya Donatien anajua. Nilisahau, au nilijisahaulisha. Wewe na yeye mlijifunza kazi hii pamoja katika karakana moja hapa Panda, kabla yeye hajaenda kutafuta maisha Kambove. Wewe mwenyewe uliniambia kile kidole kilikuwa mchezo wenu wa ujana, mnabandikana vidole vyenye mate kwenye magari ya wakubwa. Wengine wakiona kijivu wataona umaskini. Yeye akiona kijivu ataona ni kijivu gani. Na akijua nimeweka ya bei ghali, atajua sijakata tamaa na gari, atajua linangoja rangi tu, na atajua kwa nini nimelificha hivyo. Mjane aliyewachezea ndugu wa bwana wake akili, barazani, siku ya kutoa kilio. Nani atanitetea?

Tena hii epoksi ina mng'ao kidogo. Kidogo tu, lakini ina. Asubuhi ya leo nilifanya jambo la kijinga. Nilichota mavumbi ya barabarani kwenye beseni nikayatupia juu ya gari, konzi kwa konzi, mpaka likafifia na kuonekana limesahauliwa. Carine alinikuta hivyo, mama yake na nguo nyeusi, anarushia gari vumbi. Alichukua beseni la pili.

Naacha hapa. Nyanya ziko motoni, na mama zako wameshafika kwenye kona, nasikia sauti zao.

*

Jumatatu.

Papa Carine, mvua ilinyesha.

Tulikuwa ndani ya misa. Padri anataja jina lako, na mimi nasikia mabati ya kanisa yanaanza kupigwa, kwanza moja moja, halafu yote. Watu wakanong'ona kwamba ni baraka. Mimi sikusikia tena neno la misa, nisamehe, ilikuwa misa yako. Nilikuwa naona vumbi langu linavyoteremka kwenye kapo, linapita kwenye mlango, linaingia mtaroni. Nilibaki nimepiga magoti wakati wengine wamesimama, na watu wakafikiri ni huzuni.

Tuliporudi mvua ilikuwa imekwisha na jua limetoka. Gari lilikuwa katikati ya uwanja, safi, kijivu, na juu yake matone. Kapo nzima imejaa matone, yamejikusanya, yanawaka. Hakuna hata moja lililoingia. Mtoto mdogo angeona kwamba gari lile halinywi maji.

Wakanivua nguo nyeusi chumbani, shangazi zako, wakanivika kitenge kipya, wakanimwagia poda kichwani, wakaimba. Nilicheka kwa sababu ilibidi nicheke. Watu wakala. Nilipita na sahani huku jicho liko kwenye gari, naogopa hata mtu mwenye mikono ya mafuta asiliegemee, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa tatizo langu.

Ndipo Yaya Donatien akainuka. Amezeeka, mguu mmoja unaburuta. Akatembea kuelekea gari taratibu, mikono nyuma, unavyotembea wewe. Ulivyokuwa ukitembea. Akalizunguka. Akainama kutazama paa kwa mwanga wa pembeni, nikajua ameona vijipele vya rulo. Akafika kwenye kapo. Akanyoosha kidole, akakiweka katikati ya matone, akakiinua, akakitazama. Sahani ilikuwa mkononi mwangu na sikuweza kuiweka chini.

Hakuniangalia. Akarudi barazani, akakaa.

Wakaanza maneno. Kabati limekwenda kwa shangazi, televisheni kwa watoto wa dada yako, kompresa na pistoleti wakasema zibaki kwangu kwa sababu hakuna anayejua kuzitumia. Justin akakohoa, akasema gari anaweza kulichukua yeye, lisimsumbue mjane, litafanya kazi Kambove na atakuwa akituma kitu kwa Carine. Alilisema kwa upole. Alikuwa amelifanyia mazoezi. Wengine wakatikisa vichwa, ikawa kama imekwisha. Mimi nilikuwa natazama mkeka.

Yaya Donatien akasema, "Gari gani? Ile ya apprêt?"

Justin akaitikia kwa kichwa.

"Justin, apprêt inanywaka maji. Minye nilifanya hii kazi, naijua. Ile gari iko nakunywa mvua tangu leo asubui, mwezi wa kuja itatoboka yote. Unataka kubebea mawe mu kitunga?"

Watu wakacheka. Justin akacheka pia, kwa aibu, akasema basi. Yaya Donatien akasema takataka ile iachiwe mjane, atafuga kuku ndani yake. Na alipokuwa anasema hivyo alikuwa anafuta kidole chake kwenye suruali, polepole, kile kidole, bado kilikuwa na maji.

Nililia pale pale. Wakafikiri nakulilia wewe, na ilikuwa kweli pia.

Jioni walipokuwa wanaondoka nilimsindikiza hadi barabarani, kama inavyopaswa. Nilitaka kumshukuru na sikujua nianzie wapi, maana nikimshukuru nitakuwa nimekiri. Alipanda gari walilokodi, akafunga mlango, akashusha kioo. Akaniambia kwa sauti ya chini, Justin asisikie:

"Shemeji, ile ya kwako imekaa siku mingi. Usisahabu kuipiga papier mbele ya kutia rangi, ao rangi itabambuka."

Gari lao likaondoka. Nilibaki nimesimama na kitenge changu kipya na poda kichwani. Hata wewe hukuwahi kuniambia hilo kuhusu epoksi, kwamba ikikaa sana inakuwa ngumu na ya kuteleza na rangi haiishiki mpaka uikwaruze kwa msasa. Au uliniambia nikasahau, kama wewe na kabichi. Ningepaka juu yake hivyo hivyo, na baada ya miezi ingetoka vipande vipande.

Bado naogopa, usifikiri nimepona. Naogopa rangi ya mafuta itakamata vumbi kabla haijakauka. Naogopa umeme. Naogopa siku Justin atakapopita Panda alione gari linatembea, na nitamwambia nini, na Yaya Donatien atamwambia nini. Rangi yenyewe sijui bado ni ipi. Nilikuuliza ukasema nitaona, na sikuona. Nitachagua mwenyewe, ikiwa mbaya utanyamaza.

Basi pumzika, Papa Carine. Kilio chako kimetolewa, nguo nyeusi zimefuliwa na kukunjwa. Nakuahidi sitapuliza bila maski hata siku moja, hata kama ni mlango mdogo, na Carine atakuwa kwa jirani mpaka harufu iishe. Na mtu wa kwanza wa Kambove atakayefiwa, viti vyangu vitamfikia kwa gari lile, kama ni nyumba ya Yaya Donatien sitapokea kitu.

Matone yaliyobaki niliyafuta kwenye kapo jana jioni. Moja nililiacha kwanza, nikaweka kidole. Kesho jua likiwaka tunaanza msasa.

Mama Carine wako